Mwambie mama asifunge duka: jibu la mtu anayetuma mizigo Mafia kwa miaka 9

Mkuu, umeuliza umshauri nini mama yako mwenye duka Kilindoni, kule Mafia. Unasema vijana wa kisiwani siku hizi wanaagiza vitu kwa simu kutoka Kariakoo, mauzo ya mama yameshuka, na wewe uliye hapa Dar unafikiria afunge ili mtaji uliobaki mnunue bodaboda. Waliotangulia karibu wote wamekujibu afunge, eti zama za duka zimepita. Mimi nasema asifunge. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu jambo hili nimo ndani yake kila wiki.

Kwetu ni Kilindoni. Nilikuja Dar baada ya kidato cha nne, sasa nina fremu ya vyombo vya nyumbani Kariakoo na naishi Mbagala. Dada yangu mkubwa ana duka la rejareja huko nyumbani. Kwa miaka 9, ndugu na majirani wa Mafia wakinunua kitu mjini, mimi ndiye ninayekichukua, kukifunga na kukipakia. Kwa hiyo nauza, nasafirisha, na lawama za pande zote mbili zinaishia kwenye simu yangu.

Tuanze na bahari, maana wauzaji wengi wa mtandaoni hawaijui. Mafia ni wilaya ya mkoa wa Pwani. Muuzaji anaandika kwenye ukurasa wake "Dar na Pwani tunaleta bure", mteja wa Kilindoni anafurahi na kulipa. Kwa muuzaji, Pwani ni Kibaha, Mkuranga au Bagamoyo. Hajui kwamba kuna Pwani ya kuvuka maji. Mwaka 2021 dada aliagiza blenda kubwa ya juisi kwenye ukurasa mmoja wa Instagram, akaandika jina, namba ya simu na "Kilindoni, Pwani". Baada ya siku nne akapigiwa simu na kijana wa bodaboda: mzigo uko Kibaha, njoo uchukue kabla ya saa kumi. Nilifunga fremu mapema, nikaenda Kibaha, nikarudi na boksi mpaka Mbagala. Kesho yake nikalipakia pale Rangi Tatu kwenye basi la Nyamisati. Basi linashika barabara ya Kilwa, linapita Mkuranga, likifika Bungu linakata kushoto kushuka hadi Nyamisati, kijiji cha kwenye delta ya Rufiji ambako watu wa Mafia tunapandia vyombo vya baharini. Pale boksi likalala siku mbili kwa sababu ya upepo wa kusi. Lilipofika Kilindoni, jagi lilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi kwenye kitako.

Tukampigia muuzaji. Hakuwa mkorofi, alisema rudisheni nitawabadilishia. Sasa piga hesabu ya kurudisha: boti, basi, bodaboda wa mjini, halafu safari ileile upya kwa jagi jipya. Tuliona inazidi nusu ya bei ya blenda yenyewe. Nikanunua jagi jingine kwa hela yangu, yakaisha. Mtu wa Sinza, hapa hapa Dar, akiletewa kitu kibovu anakirudisha siku hiyohiyo na bodaboda yuleyule. Mtu wa Kilindoni akishapokea ndiyo amepokea. Kwake bei ya mtandaoni haina haki ya kurudisha ndani yake, na hilo hakuna anayemwambia.

Kuna ndugu amejibu kutoka Unguja kwamba yeye anaagiza asubuhi na jioni mzigo anao. Namwamini. Boti ya kasi kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili, na kwa siku zinakwenda zaidi ya moja. Mafia si hivyo. Tuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, pamoja na boti, na saa ya kuondoka Nyamisati inafuata maji, maana maji yakipwa chombo hakina njia ya kutokea. Ikifika Juni hadi Agosti, kusi likichafuka, safari zinaahirishwa. Ndege ipo, nusu saa tu kutoka Dar, lakini huwezi kulipia kilo za ndege kwa ndoo ya sabuni. Na mimi siwezi kumsukuma nahodha atoke ili kifurushi changu kiwahi. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha, na kilikuwa kimezidisha watu na mizigo. Tangu siku ile, mteja akinipigia kunigombeza kwamba mzigo umechelewa Nyamisati, namwambia acha ulale.

Hapo ndipo inapotoka bei ya duka la mama yako, ile vijana wanayoilalamikia. Beseni ninaloliuza Kariakoo 4,000, dada analiuza 6,500. Wanasema anawanyonya. Lakini lile beseni linamlipa mpagazi wa Kariakoo, kirikuu mpaka Rangi Tatu, basi, wapagazi wa Nyamisati, chombo, na mpagazi mwingine Kilindoni. Sukari ikirushiwa maji ya bahari njiani, mfuko unakuwa jiwe, na hasara ni ya mwenye duka. Halafu mimi bidhaa ikiniishia natembea hadi mtaa wa pili nachukua nyingine. Dada lazima anunue ya wiki tatu, hela yake yote inakaa rafuni. Kuna Julai moja vyombo havikutoka siku nne mfululizo. Siku ya tatu walioagiza unga kwa simu walikuwa wamesimama dukani kwake, na unga aliuza bei ileile ya Jumatatu. Hilo nalitaja kwa fahari.

Lakini kubwa zaidi ni daftari la madeni. Sijaona hata mmoja aliyeligusa kwenye majibu yote, nikajua wengi hamjakaa kisiwani.

Mafia wavuvi wengi wanaishi kwa mwezi wa angani. Watu wa pweza, kama wale wa kisiwa kidogo cha Jibondo, wanapata hela wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba unabaki wazi. Yakija maji mafu, yale yasiyokupwa sana, mapato yanapungua. Watu wa dagaa nao wanategemea usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa zao haziwavuti dagaa, wanakaa nyumbani kushona nyavu. Sasa katika siku hizo za ukame mtoto anakula nini? Anatumwa dukani: "Mama kasema umpe kilo mbili za unga na nusu ya sukari, umwandikie." Dada anaandika. Bamvua ikirudi wanakuja kulipa, wengine na pweza mkononi. Dada anajua kalenda ya bahari kuliko watu wengi wenye mashua, kwa sababu hela yake inaogelea humo. Anajua nani amwandikie hadi 30,000 na nani asizidi 5,000, nani ana mgonjwa ndani asibanwe mwezi huu. Ukurasa wa mtandaoni unasema lipa kwanza, na una haki, kwa sababu haukujui. Lakini kisiwa chenye watu zaidi ya 60,000 kikibaki na wauzaji wa lipa kwanza peke yao, siku za maji mafu watoto watalala njaa. Hilo nalisema nikimaanisha.

Isidhaniwe natetea kila mwenye duka. Wapo wanaopandisha bei ya sukari upepo ukianza tu, wakati mzigo waliununua kwa bei ya zamani. Wapo wanaouza chaja zinazokufa baada ya wiki, na ukirudi wanakwambia umeiunguza wewe. Na kuna vitu ambavyo duka la kisiwani haliwezi kuwa navyo hata lingetaka. Mwalimu mmoja jirani yetu anavaa kiatu namba 45; alizunguka Kilindoni nzima, akakosa. Fundi wa simu anataka kioo cha simu fulani tu. Bibi harusi anataka kitambaa cha rangi aliyoiona yeye. Hao kuagiza mtandaoni ni halali yao kabisa, na mwenye duka akiwanunia anakosea. Hakuna alichopoteza pale, hakuwa nacho.

Kwa hiyo mama yako apambane na simu au aungane nayo? Fikiria M-Pesa. Ilipoanza Tanzania mwaka 2008 ilikuwa hela ya hewani, lakini watu wa kuweka na kutoa waliikuta wapi? Dukani, kwenye meza ya wakala. Vifurushi navyo vinataka meza. Namba za nyumba tulibandikiwa mwaka 2022 kwenye operesheni ya anwani za makazi, lakini hadi leo anayeshusha mizigo Kilindoni hasomi namba, anauliza duka la fulani liko wapi. Dada alianza mwaka huohuo. Anayetaka kuagiza anaandika jina lake, kisha "pokelea duka la" dada, na namba za simu mbili: yake na ya kwangu mimi niliye Dar. Mzigo unafika kwanza Kariakoo kwangu, naufungua mbele ya aliyeuleta, nikiona ufa unarudi palepale bila kuvuka bahari. Huu ndio msaada mkubwa kuliko yote, na wewe uliye Dar unaweza kumfanyia mama yako kesho asubuhi. Kisha nakusanya mizigo ya wiki nzima kwenye kiroba kimoja, tunagawana nauli. Kifurushi ambacho peke yake kingelipa 8,000 kinalipa 2,000. Dada anachukua 1,000 ya kutunza. Mwenye mzigo akija kuuchukua haondoki mikono mitupu; atakumbuka chumvi, atakumbuka vocha, na mara nyingi atapunguza deni.

Mauzo ya nguo za mtumba na vyombo vya plastiki kwa dada yameshuka, sitakudanganya, na hayakurudi. Vyombo vya plastiki amevipunguza, nguo ameziacha kabisa. Rafu zile ameweka unga, mafuta, misumari na dawa za mbu, vitu ambavyo mtu anavitaka leo. Mama yako naye itabidi aachane na baadhi ya bidhaa alizozizoea, na hapo ndipo utakapopata shida naye, maana wazee wetu bidhaa ya miaka 20 ni kama mtoto. Zungumza naye kwa adabu, usimletee amri kutoka Dar.

Na usimweke mahali ambapo ukurasa mmoja ukifungwa naye anaanguka. Jumia, duka la mtandaoni, ilikuwa kubwa hapa nchini na Novemba 2019 ikafunga shughuli zake Tanzania. Apokee mizigo ya muuzaji yeyote, asijifunge kwa mmoja.

Kuhusu ufungaji, ndani weka turubai jepesi hata kama boksi ni zuri, kwa sababu maji ya bahari hayatoki juu peke yake, yanapanda na sakafu ya chombo. Andika jina kwa maka peni pande mbili, upande mmoja husuguka. Kila ukiagiza mtandaoni muulize muuzaji swali moja kabla ya kulipa: unaleta mpaka Rangi Tatu, mpaka Nyamisati, au mpaka Kilindoni? Jibu lake likichelewa, jua hajui, basi mwambie alete kwako Dar. Kipindi cha kusi usitume kitu kinachooza, na dawa za mgonjwa usizichanganye kwenye kiroba cha wiki. Mkabidhi abiria unayemfahamu mkono kwa mkono.

Bodaboda mtanunua siku nyingine. Kwa sasa mwambie mama atenge rafu moja nyuma ya mlango na daftari la pili la mizigo tu, kila kifurushi kiandikwe siku kilipoingia na siku kilipotoka. Dada alianza hivyohivyo. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake, mstari wa kwanza, umeandikwa: viatu vya mwalimu, namba 45, vimechukuliwa.