Nguvu na mwendo: chora kwanza, fomula baadaye

Nafundisha tuisheni ya fizikia kwa madogo wa O-level na kama kuna topiki mtu anakariri kila kitu halafu kwenye pepa anachemka ni hii. F = ma (nguvu ni sawa na kilo za kitu mara mchapuko, yaani kiasi spidi inavyobadilika kila sekunde) anaijua hata ukimwamsha usiku wa manane, ila mpe swali la mpira uliorushwa juu uone anavyoanza kubabaisha.

Tuanze na huohuo mpira. Umeurusha, umeshatoka mkononi, unapanda. Nguvu gani zinaufanyia kazi? Karibu darasa zima litakwambia mbili, mvutano wa dunia kwenda chini na "nguvu ya kurusha" kwenda juu. Hiyo ya pili haipo jamani! Mkono ukishaachia hauna habari tena na mpira, kilichobaki ni uzito wake tu (na upinzani wa hewa kidogo, ambao maswali mengi ya shule yanaupotezea). Unapanda kwa sababu ulishapewa spidi, na spidi sio nguvu. Newton aliliweka hili kwenye sheria yake ya kwanza mwaka 1687, kitu kikiwa kwenye mwendo kinaendelea hivyohivyo kwenye mstari ulionyooka mpaka nguvu ya nje iingilie.

Sasa mtego ambao watunga mitihani wanaupenda: mpira ukifika juu kabisa, mchapuko wake ni ngapi? Wengi wanaandika sifuri. Spidi ndio sifuri, mchapuko bado ni ileile 10 m/s² kwenda chini, maana ingekuwa sifuri mpira ungebaki unaning'inia hukohuko juu.

Kwa hiyo ninachowaambia wanafunzi wangu ni hiki, kabla hujagusa fomula yoyote chora kitu chenyewe, kiboksi tu kinatosha, halafu kila mshale unaouweka jiulize nani anasukuma au nani anavuta. Mshale usio na mwenyewe, futa. Ukifanya hivyo ile "nguvu ya kurusha" inajifia yenyewe kwa sababu hakuna anayeshika mpira.

Njia hiyohiyo inakuokoa kwenye sheria ya tatu ya Newton (kitu kikisukuma kingine, nacho kinasukumwa kwa nguvu ileile upande wa pili), ambayo nayo watu wanaiimba tu. Kitabu kipo juu ya meza, dunia inakivuta chini, meza inakisukuma juu, nguvu zinalingana, kitabu kimetulia. Mwanafunzi anakwambia hiyo ndio jozi ya Newton. Siyo, jozi haikai kwenye kitu kimoja hata siku moja! Dunia inavuta kitabu na kitabu kinavuta dunia, hiyo jozi ya kwanza, kitabu kinakandamiza meza na meza inasukuma kitabu, hiyo ya pili.

Kilo na newton (kipimo cha nguvu, na uzito ni nguvu) sitakaa sana, mtu wa kilo 50 hapa duniani ana uzito wa kama newton 500, mwezini kama 80, ila kilo zake ni 50 kokote atakakoenda.

Halafu kuna spidi na breki, hapa hata wasiopenda fizikia wanakaa sawa kwenye kiti. Chukua gari linalopungua spidi kwa 5 m/s² kila likishikwa breki. Likiwa 36 km/h, yaani 10 m/s, linasimama ndani ya mita 10 (v² gawa kwa 2a, v ni spidi na a ni ile 5). Ongeza spidi mara mbili iwe 72, wengi wanakadiria mita 20, kumbe ni 40, kwa sababu spidi imejizidisha yenyewe. Na hapo hatujahesabu ile sekunde moja dereva anashtuka kabla hajakanyaga, kwa 20 m/s hizo ni mita 20 nyingine zimeshaliwa.

Jaribu mwenyewe na 108 km/h. Jibu ni mita 90 za breki peke yake, ukipata elfu moja na mia na kitu ujue umesahau kugawa km/h kwa 3.6 ili upate m/s.