Trayathlon ya Aprili Uingereza: maji ya nyuzi 13

Ndugu wa Mikindani, umeuliza ujiandaeje kwa trayathlon (mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia) Uingereza mwezi wa Aprili. Umezoea bahari vuguvugu, kwa hiyo hofu yako kuhusu maji ya nyuzi 13 ina msingi. Umbali haukusumbui, kinachoua ni dakika ya kwanza. Baridi ya ghafla hukulazimisha kuvuta pumzi bila kutaka, na uso ukiwa majini unameza maji.

Nunua barafu ya samaki, poza nayo maji ya pipa kubwa mpaka nyuzi 15, uingie hadi shingoni dakika 2 au 3. Mara 5 au 6 kabla ya safari hupunguza sana mshtuko huo. Usifanye peke yako. Mwenye presha, moyo au pumu amwone daktari kwanza.

Siku yenyewe vaa suti ya mpira inayobana (ikipwaya, maji hupita na haikupi joto la kutosha) na kofia mbili za kuogelea. Loweka uso kabla ya kuanza.

Ukitoka majini vidole havitafunga kifungo. Jifute, vaa jaketi la zipu kubwa, soksi na glavu. Sekunde 60 hizo usizionee uchungu, kwani upepo wa baiskeli hupoza haraka mwili uliolowa. Ukianza kutamka maneno ovyo au kutetemeka kukikoma ghafla, acha, ita wahudumu.