Paa la kibanda cha boti: punguza uzito wa juu

Ndugu, nimekuelewa: boti ya mbao ya mita 9 inayopeleka watalii kisiwa cha Chole, na tangu kibanda kiezekwe kwa mvule inayumba kupita kiasi. Tatizo ni uzito uliokaa juu. Mvule ya inchi moja ni kama kilo 16 kwa mita ya mraba. Plaiwudi ya milimita 9, hata ikivikwa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo), haifiki 8.

Bandua mvule. Weka plaiwudi ya majini juu ya boriti nyepesi zilizopinda kidogo ili maji yasituame, kisha vika kitambaa cha faiba kwa epoksi (gundi inayokauka ngumu na kuzuia maji). Muhuri uliogongwa kwenye plaiwudi usikutoshe: omba kipande dukani, kichemshe saa kadhaa. Tabaka zikiachana, usinunue. Kuoza huanzia kwenye kingo na matundu ya skrubu, kwa hiyo yanyweshe epoksi kabla ya kufunga. Vaa glavu, fanyia kazi penye hewa.

Sitaha inakanyagwa, chukua milimita 12 na unyunyize mchanga mkavu kwenye rangi, watu wasiteleze. Mabati siyashauri, chumvi inayala.

Abiria wasipande paani kamwe. Kabla ya kubeba wageni, mkaguzi wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, linalosimamia usalama wa vyombo vya majini) aiangalie boti ikiwa na mzigo.