Shahidi Asiyeweza Kusema Alipolala

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza kama riwaya ya upelelezi inayochanganya mauaji na mapenzi ya wanaume wawili, tena yenye kurasa za faragha zilizoandikwa bila ya pazia, ina chochote cha kumpa msomaji wa Kiswahili zaidi ya kumshtua, na kama inafaa kufasiriwa. Sina shaka mtapokea majibu mengi yatakayogeuka fatwa, na fatwa zina watu wake. Mimi nimeulizwa habari ya riwaya, na kwa kuwa hadithi za upelelezi nimezisoma tangu niko skuli, nitajibu la riwaya.

Nilikuwa karani wa mahakama hapa Pemba kwa miaka mingi, kazi yangu ikiwa ni kuandika ushahidi na kubandika nambari kwenye vielelezo. Nakumbuka kesi moja ya wizi wa karafuu, katika msimu mkubwa wa miaka ya 1990. Magunia mawili ya karafuu kavu yalitoweka usiku, na fundi seremala mmoja akashitakiwa kwa sababu alionekana akipita njia ile baada ya sala ya isha. Hakimu alimuuliza alikuwa wapi mpaka alfajiri, naye akajibu kuwa alikuwa anatembea. Akaulizwa tena, akajibu vile vile, na mimi nikaandika vile vile mara tatu, huku nikiitazama kofia yake aliyoivua na kuishika mkononi ikikunjwa na kukunjuliwa mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia meza. Hapana aliyekuwamo mle ndani asiyejua kuwa anasema uongo. Baadaye magunia yalionekana kwa watu wengine kabisa, ndipo tulipokuja kujua kuwa fundi alikuwa na mke wa siri kijiji cha pili, na kwamba alikuwa radhi kufungwa kuliko mke wake mkubwa asikie.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu ndani yake mna mtambo mzima wa riwaya ya upelelezi. Mwandishi wa mambo haya hahitaji mwongo mmoja tu, yaani muuaji. Anahitaji waongo watano, na wanne kati yao wawe wanasema uongo kwa aibu au kwa hofu, ili msomaji asiweze kumtambua wa tano. Sasa mchukueni yule fundi, mumuondolee mke wa siri, na mahali pake mumuweke mwanamme mwenzake, katika nchi ambayo kosa hilo lina kifungu chake katika sheria ya adhabu, kama ilivyo kwetu. Shahidi huyo hawezi kabisa kusema alipolala. Akinyamaza, atahukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda; akisema, atashitakiwa kwa jingine, na atakuwa amemtia hatiani pia yule ambaye angekuja kumtolea ushahidi. Sijui hali nyingine ya kibinadamu inayompa mwandishi wa upelelezi fundo gumu kama hilo.

Waingereza walilitambua zamani. Mwaka 1961 walitoa filamu iitwayo Victim, ambayo nimeiona kwa binti yangu anayeishi huko, nilipokwenda kumsaidia baada ya kujifungua. Kijana mmoja anaiba fedha za mwajiri wake ili awalipe watu wanaomtisha kwa picha, anakamatwa, na anajinyonga kizuizini pasi na kumtaja wakili aliye naye katika picha ile. Wakili huyo, mwenye mke na mwenye cheo anachokitarajia, anaamua kuwatafuta wenye vitisho ingawa anajua kuwa akiwapata amejimaliza mwenyewe. Filamu nzima haina hata busu moja la watu hao, na inakaba roho kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sheria iliyowapa wale watishaji mtaji wao ilikuja kubadilishwa huko England na Wales mwaka 1967.

Filamu ya pili ni ya Wafaransa, L'Inconnu du lac, ya mwaka 2013, iliyompatia Alain Guiraudie tuzo ya uongozaji katika kitengo kimoja cha tamasha la Cannes. Hiyo ndiyo hasa aina mnayoiulizia, kwa kuwa haifichi kitu, na nakiri niliinamisha macho zaidi ya mara moja. Hadithi haitoki ufukweni mwa ziwa, mahali ambapo wanaume huja kutafutana wakati wa kiangazi. Jioni moja kijana anayeitwa Franck, akiwa amejificha mitini, anamuona mwanamme anayemtamani akimzamisha mpenzi wake. Tunaliona tukio kwa mbali, kama yeye anavyoliona: vichwa viwili majini, kisha kimoja. Franck hasemi kwa mtu. Siku za mbele anakuwa mpenzi wa muuaji, na askari mpelelezi anapokuja kuuliza, anamdanganya.

Kilichonikaa moyoni katika filamu ile, kuliko hata mauaji, ni taulo. Marehemu ameacha vitu vyake pale ufukweni, na gari yake imebaki chini ya miti, na watu wanaendelea kuja kuoga, wanaipita gari, wanaliruka taulo, siku baada ya siku, na hapana anayeuliza mwenyewe yuko wapi. Hawaulizani majina, basi watamuulizia nani? Yule askari anashangaa, na mimi nilishangaa pamoja naye. Halafu nikajiambia kuwa watu waliozoea kutojuana kwa usalama wao, siku ya kufa pia hawatajuana. Taulo lile lingeingia mahakamani, ningelibandika nambari ya kwanza.

Nambari hizo ndizo kipimo changu, na ndicho ninachowapa wasomaji wenzangu. Mahakamani kitu hakiwi kielelezo kwa kuwa kinavutia macho. Huwa kielelezo kwa kuwa kinathibitisha jambo. Kwa hiyo kila ukurasa wa faragha katika riwaya ya aina hii naupima hivi: je, unastahiki nambari? Niliazima maktaba, huko huko kwa binti yangu, riwaya moja ambayo jina lake sitalitaja kwa kuwa naisema vibaya. Ina kurasa kama hizo mahali sita. Mahali pamoja tu ndipo palipostahiki nambari: mmoja anazinduka usingizini na kuhisi nyayo za mwenzake aliye ubavuni zimekuwa za baridi na zina mchanga, ilhali mwenzake huyo ataapa asubuhi kuwa hakutoka. Jambo hilo hakuna shahidi mwingine angeweza kulijua ila aliye kitanda kimoja naye, na hapo nikaona kwa nini mwandishi alitupeleka chumbani. Mahali patano pengine palikuwa pambo, na pambo katika hadithi ya upelelezi ni sawa na shahidi anayeitwa kizimbani kuja kueleza hali ya hewa. Nisingesema vyengine kama wangekuwa mume na mke.

Kinyume chake ni Mmarekani Joseph Hansen, aliyeanza mwaka 1970 mfululizo wa riwaya 12 za mpelelezi wa bima, Dave Brandstetter. Katika ile ya kwanza gari imetumbukia mtoni kutoka darajani, mwili hauonekani, na Brandstetter anapelekwa kuuliza kabla ya bima kulipwa. Yeye mwenyewe amefiwa karibuni na mwenzake waliyeishi pamoja miaka mingi, na huzuni hiyo inaelezwa kwa utulivu kama ambavyo ingeelezwa ya mjane yeyote. Hansen hapambi. Nilimaliza vitabu vyake vitatu huku mjukuu kalala mapajani.

Lipo kundi jingine ambalo silipendi, la hadithi ambazo ukimjua anayewapenda wanaume umeshamjua muuaji. Huo ni uvivu wa kazi, mbali na dhulma.

Nirudi nyumbani. Wako watakaosema kuwa mambo haya hayana mizizi katika uandishi wetu. Muhammed Said Abdulla, mwenyeji wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na tangu hapo mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake wametufundisha kuwa penye mauti pana siri ya nyumbani iliyofungiwa sandukuni: nasaba, mirathi, ndoa iliyofichwa. Na wanaodhani kuwa mwandishi mwenye asili ya Unguja hawezi kugusa jambo hili wasome Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2022. Watakutana na mnyapara wa msafara, Mohammed Abdalla, na sifa inayowafanya vijana wamuogope, na watauona uzuri wa Yusuf unavyomgeuzia macho ya wakubwa. Gurnah hakufungua mlango wa chumba, lakini kila msomaji anajua kilichomo.

Hapo Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingine hazina. Fumbo ni lile analolifumbua Bwana Msa, na fumbo ni lile linaloimbwa kwenye taarabu, au linaloandikwa kwenye kanga, likamfikia mhusika mmoja kati ya watu mia waliokaa. Mpelelezi na mpenzi kwetu wanatumia neno moja. Mfasiri hodari angeweza kuzifanya zile kurasa za mahali sita, katika riwaya niliyoiazima, ziwe mafumbo sita, kila moja na ufunguo wake ndani, na kitabu kingepata kile ambacho mwandishi wake alikikosa. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kifasiriwe, ila apewe mtu aliyewahi kukaa na watu wazima akasikia wanavyosemezana mbele ya watoto.

Na nina ombi moja kwake. Najua neno atakalolikimbilia, kwa kuwa magazeti ya bara yamelizoesha. Jirani yangu hapa Wete hunigongea dirisha kila asubuhi, ana bakuli la unga mkononi au hana, akaita, "Shoga, umeamka?" na mimi humjibu, "Nimeamka, shoga, pita." Hilo lina wenyewe, atafute jingine.

Msomaji wenu, Wete, Pemba