Reli za Paki Zinazonata Chini ya Skii, na Namna Nilivyojifunza Kuzipima Kabla ya Kuzipanda

Kifundo cha mkono wangu wa kushoto kilivunjika kwa sababu mshumaa uliisha. Ilikuwa jioni ya mwezi wa Februari, katika kilima kimoja kidogo cha jimbo la Minnesota, na reli niliyokuwa nikiipanda tangu saa tisa alasiri, yaani chuma kirefu kilichosimikwa kwenye theluji ili watu wateleze juu yake kwa skii, zile mbao nyembamba zinazofungwa miguuni, ilikuwa inanata kiasi kwamba kila mara nililazimika kushuka kabla ya kufika mwisho. Nilikumbuka karakana ya marehemu baba pale Tanga, ambako msumeno ulipoanza kubanwa na ubao mbichi yeye alichukua kipande cha mshumaa, akaupaka pande zote mbili, kisha akaendelea kukata kana kwamba hakuna kilichotokea. Nami nilikuwa na kipande cha mshumaa mfukoni. Nikaanza kuipaka reli kutoka juu, nikasugua kwa bidii, na nilipofika katikati kilichobaki mkononi kilikuwa sawa na punje ya kunde. Nikajiambia kwamba nusu inatosha. Niliingia, nikateleza kama mtu aliyekanyaga sabuni, na nilipovuka ile nusu iliyopakwa, miguu ilibaki nyuma nami nikaendelea peke yangu.

Mkono ulipona. Baadaye nilifanya kazi misimu miwili katika kikosi cha usiku kinachotunza vyuma vya aina hiyo, na huko ndiko nilikoelewa kosa langu lilikuwa wapi. Tulizoea kulaumu reli inayonata, lakini reli inayonata sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho mwili huizoea. Inayoangusha watu ni ile inayobadilika njiani, na karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na jambo hilo moja.

Nieleze kwanza kwa wasioufahamu mchezo huu. Nikiwaambia ndugu zangu kwamba ninateleza kwenye theluji, wengine huniuliza kama ninafuata njia ya Philip Boit, yule Mkenya aliyeshindana katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Yeye alishindana katika mbio za masafa, na mimi nisingeweza hata kumkaribia. Mchezo wangu hufanyika katika eneo lililotengwa kando ya mteremko, ambalo sisi huliita paki, lenye vilima vya kurukia, mabomba na vyuma bapa vilivyosimikwa kwenye theluji, pamoja na maboksi mapana yenye uso wa plastiki ngumu. Mtelezaji huruka juu ya chuma, akazigeuza skii zake zikae kama msalaba juu yake, kisha akateleza kwa ubavu hadi mwisho. Mashindano yanayochanganya reli na miruko yaliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza Sochi, mwaka 2014, na huko Wamarekani watatu walichukua medali zote tatu za wanaume.

Sasa tazama kinachogusana na chuma hicho. Unyayo wa skii ni plastiki ya polithilini iliyolainishwa kwa nta, na plastiki hiyo juu ya chuma huteleza vizuri sana. Lakini unyayo huo umezungushiwa kingo za chuma kigumu, kigumu kuliko chuma cha kawaida cha mabomba, na unapokaa kwa ubavu kingo zako zote nne hukatiza reli kama visu vinne vilivyopangwa sambamba. Zikiwa zimenolewa kwa ajili ya kushika barafu, zitashika na reli pia. Chuma kikavu juu ya chuma kikavu husuguana mara kadhaa zaidi ya plastiki juu ya chuma, na kadiri skii inavyoinama kidogo upande mmoja, ndivyo uzito unavyohama kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye ukingo.

Hapo ndipo wenye skii wanapotofautiana na wenzao wa ubao wa theluji, ambao mara nyingi hutuambia kwamba reli haina tatizo lolote. Ubao mmoja una unyayo mpana kati ya kingo mbili, na miguu yote imefungwa hapo hapo. Sisi tuna vipande viwili vyembamba ambavyo havina mawasiliano. Skii ya mbele ikikamatwa na ya nyuma ikiendelea, miguu hugongana. Ya nyuma ikikamatwa na ya mbele ikiendelea, unapasuliwa msamba bila kuomba. Kwa hiyo mwenye ubao na mwenye skii wanaweza kusimama mbele ya chuma kimoja, wakatoa hukumu mbili tofauti, na wote wakawa wakweli.

Nitatumia hesabu kidogo, maana ndiyo iliyonifungua macho. Tuseme unaingia kwenye reli isiyo na mteremko, yenye urefu wa mita 6, kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 22 kwa saa. Ikiwa kipimo cha msuguano ni 0.1, yaani reli inakuvuta nyuma kwa nguvu sawa na sehemu moja ya kumi ya uzito wako, utatoka upande wa pili ukiwa na kasi ya karibu mita 4.9 kwa sekunde, na huenda usihisi hata kwamba umepungua. Kikiwa 0.3, utafika mwisho ukiwa chini ya mita 1 kwa sekunde, yaani umekaribia kusimama juu ya bomba. Hilo la kasi ni nusu tu ya habari. Ili usianguke wakati miguu inavutwa nyuma, mwili wako lazima uegemee kinyume na mwendo: karibu digrii 6 kwa msuguano wa kwanza, na karibu digrii 17 kwa wa pili. Mtu aliyesimama kwa digrii 6 akikutana ghafla na chuma kinachodai digrii 17 hana muda wa kujirekebisha, kwa sababu mita 3 zilizobaki humalizika kwa muda usiofika sekunde moja. Ndivyo nilivyofanyiwa na mshumaa wangu.

Kwa nini basi chuma kimoja kiwe na tabia mbili? Sababu ya kwanza, ambayo wengi huipuuza, ni upya. Reli iliyotoka kwa fundi ikiwa na rangi ya kung'aa huvutia macho, lakini rangi hiyo hukamata kingo mpaka itakapokwanguliwa na mamia ya watu waliopita, na kwa kuwa karibu kila mtu hutua katika theluthi ya kwanza na wengi hushuka kabla ya mwisho, rangi huisha juu ikabaki chini. Ukiona reli inayong'aa kama sarafu mwanzoni na yenye rangi kamili mwishoni, jua kwamba ina tabia mbili. Reli ya zamani iliyolala nje majira yote ya joto ina kasoro nyingine, yaani kutu, ambayo ni mbaya hasa wiki za mwanzo wa msimu na baada ya mvua. Chumvi inayomwagwa wakati mwingine kuimarisha theluji laini ya majira ya kuchipua huiharakisha.

Halafu kuna hali ya hewa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo iliyotusumbua zaidi kazini. Usiku wa anga lisilo na mawingu, chuma hupoteza joto haraka kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka, na unyevu wa hewa huganda juu yake kuwa sakitu, tabaka jeupe ambalo ukiwa mbali hulioni. Jua likichomoza huyeyusha sakitu upande uliolielekea, lakini sehemu iliyo kwenye kivuli cha mti au cha nguzo ya taa hubaki nayo hadi karibu na adhuhuri. Jambo kama hilo hutokea siku ya hewa ya vuguvugu inapokuja ghafla baada ya baridi kali: hewa imelegea, watu wamefungua makoti, lakini chuma bado kina baridi ya jana na kila tone linalokigusa huganda. Mbaya kuliko yote ni mashine za kutengeneza theluji zinapofanya kazi jirani na paki. Matone yake hupeperushwa na upepo na kuganda juu ya reli kama punje za msasa, na yakishaganda hayafutiki kwa glavu. Tulikuwa tukiyakwangua kwa koleo la plastiki, reli moja baada ya nyingine, na tulipomaliza ya mwisho ile ya kwanza ilikuwa imeanza tena.

Maboksi ya plastiki yana hulka iliyo kinyume na hiyo. Hupendeza kwenye baridi, lakini mchana wa mwezi wa Machi, jua likishapiga saa kadhaa, plastiki hulegea kidogo na kingo kali huanza kuichimba. Mikwaruzo inayobaki huwakamata wanaofuata.

Nirudi kwenye kilicho mikononi mwako, kwa sababu hali ya hewa huwezi kuiamuru, nacho kikulacho ki nguoni mwako. Kabla ya kulalamikia reli, zikague kingo zako. Pitisha pamba au kipande cha soksi kuukuu kando ya ukingo; kikinasa, kuna vijimiba vya chuma vilivyoinuka pale ulipogonga reli nyingine, na kimoja tu chenye ukubwa wa punje ya mchanga kinatosha kukusimamisha. Viondoe kwa kinoo kidogo, taratibu, ukifuata urefu wa skii. Kisha chukua tupa laini, uishike kwa mwinamo wa kama digrii 45, na uupunguze makali ukingo ulio chini ya buti, pamoja na sentimita 15 hivi mbele na nyuma yake, mpaka uweze kuupitishia ukucha bila kuukwangua. Malizia kwa kifutio cha mpira chenye chembe za kusagia. Kingo za mbele zaidi na nyuma zaidi ziache na makali kiasi, la sivyo utakapokutana na barafu ukiwa njiani kuelekea kwenye lifti utajuta. Ni kweli kwamba skii ya namna hiyo haishiki vizuri mteremko mgumu. Mimi nimeukubali upungufu huo, na anayetaka kushindana katika mbio anahitaji jozi nyingine.

Unyayo nao uangaliwe. Plastiki iliyokauka ikawa ya kijivu hulika haraka kuliko kingo, na ikishazama, hata kidogo sana, skii huwa inasimama juu ya chuma peke yake. Paka nta kwa pasi, chagua nta ngumu kwa siku za baridi kali, ikwangue ikishapoa, na usiruhusu pasi itoe moshi. Mimi huongeza mshumaa wa kawaida, bila kuupasha moto, juu ya kingo zilizo chini ya buti. Haudumu kupita reli mbili au tatu, lakini kuirudia kazi hiyo ukiwa kwenye foleni ya kamba ya kuvutia watu juu ni sekunde chache tu.

Kuhusu kuipaka nta reli yenyewe, waombe kwanza ruhusa wanaoitunza paki. Mara nyingi wana kipande chao kikubwa cha nta na watakusaidia. Ukipewa ruhusa, paka kuanzia mwisho ukirudi mwanzo, ili nta ikikuishia kabla ya kumaliza, sehemu kavu iwe ile ya kuingilia, ambako bado una kasi na unaweza kushuka. Usithubutu kupaka mafuta ya kupikia, grisi wala mafuta ya kunyunyizia bawaba. Hunasa uchafu, huharibu unyayo wa skii za wengine, na anayekufuata hajui kwamba chuma alichokizoea asubuhi kimegeuka kambare.

Kuipima reli ni rahisi. Simama kando, mahali ambapo mtu akiteremka atakuona na hatakugonga, vua skii moja, iweke kwa ubavu juu ya chuma na uisukume kwa mkono: mwanzoni, katikati, mwishoni. Sikiliza pia. Chuma kinachoteleza hutoa mlio mmoja mrefu; kinachokamata hukoroma. Tafadhali usikipime kwa kiganja kitupu wakati baridi imefika nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa maana ngozi yenye unyevu huganda hapo hapo, na nimemwona mtu mzima akimwagiwa chai ya vuguvugu kidoleni ili aachiliwe.

Ukishajua kwamba reli inanata na bado unaitaka, ingia na kasi kubwa kidogo kuliko kawaida, weka skii bapa kabisa, panua miguu kupita mabega, na uhamishie uzito mguu wa nyuma kabla hujahisi kuvutwa. Epuka kuitazama ncha ya skii. Na ikiwa katikati ya safari utasikia ule mkoromo, usijaribu kuimalizia kwa kujirusha mbele, kama nilivyofanya mimi. Zigeuze skii zielekee chini, shuka ubavuni ukiwa bado na kasi ya kukutoa, kisha panda tena mlima ukaisugue sehemu iliyokukamata.