Kwa nini ndege wa Prek Toal wanataga maji yakipungua

Ndugu, umeuliza kwa nini ndege wa Prek Toal, hifadhi iliyo kando ya ziwa Tonle Sap, Kambodia, hujenga viota maji yakishuka badala ya wakati wa mafuriko. Jibu ni samaki. Masika ya kule, mto Mekong hujaa mpaka mto Tonle Sap, unaotoka ziwani kwenda Mekong, unageuka na kutiririka kurudi ziwani. Ziwa hutanuka kutoka takriban kilomita za mraba 2,500 hadi kupita 10,000, msitu wa kandoni unazama, na samaki huingia humo kula na kukua. Maji yakianza kutoka, kwenye Novemba, samaki wanabanwa vidimbwini. Hapo mwari, mbizi na korongo, wakiwemo jamaa wakubwa wa marabu wetu, wanapata chakula tele cha makinda.

Ukipanga safari, nenda Februari. Baadaye mashua hukwama. Na tafadhali usimshawishi nahodha asogee kwenye viota: wazazi wakiruka, makinda huungua na jua. Zamani mayai yaliibwa ovyo, hadi walinzi walipoanza kukesha juu ya miti miaka ya 2000, na ndege wakaongezeka sana. Kinachonitia hofu sasa ni mabwawa ya Mekong na moto wa msituni, kama ule wa 2016.