Jibu: Catherine wa Urusi alikuwa Mjerumani?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli Catherine, yule malkia wa Urusi, hakuwa Mrusi. Ni kweli. Alizaliwa Stettin mwaka 1729, akaitwa Sophie, binti wa Anhalt-Zerbst, ukoo mdogo wa kitawala wa Kijerumani. Mwaka 1744, akiwa na miaka 14, alipelekwa Urusi kuchumbiwa na mrithi wa kiti, Peter. Kwa maelezo yake mwenyewe, usiku alikuwa akiamka, anatembea peku chumbani akikariri Kirusi, mpaka baridi ikamwangusha akawa mahututi. Mama yake akataka aitwe mchungaji wa Kilutheri. Binti akasema hapana, niitieni padri wa Kiorthodoksi. Hilo ndilo dhehebu la Warusi, na Malkia Elizabeth, aliyekuwa akitawala, akamwona ni mwenzao. Ujanja gani huo kwa mtoto wa miaka 14! Akaolewa 1745, ndoa ikawa chungu, na 1762 akampindua mumewe, aliyekuwa ameshika kiti, akatawala yeye.